Kibali cha Utafiti Si Maadili ya Utafiti

Wiki chache zilizopita tulipokea barua pepe kutoka kwa msomaji wetu aliyeko nyumbani Tanzania. Hakutaka tumtaje jina wala mkoa, nasi hatutamtaja. Kwa ufupi, kisa chake ni hiki. Miaka kadhaa iliyopita aliandika mtandaoni, kwa jina la bandia, juu ya mambo yaliyokuwa yakitendeka katika ofisi aliyokuwa akifanyia kazi. Baada ya siku chache aliona moto unakuja, akayafuta. Kumbe msomi mmoja aliyekuwa akiandika tasnifu katika chuo kikuu cha ng'ambo, juu ya sheria za mtandao na uhuru wa maoni, alikuwa ameshayanakili.

Makala ikatoka katika jarida la kitaaluma. Ndani yake maneno ya ndugu yetu huyo yakawekwa neno kwa neno, pamoja na tarehe, pamoja na lile jina la bandia, na hata aina ya ofisi aliyokuwa akiisema. Wakubwa wake wakaisoma. Haikuwachukua muda kujua nani aliandika, kwa sababu ofisi yenyewe haikuwa na watu wengi. Leo yuko kituo kingine cha kazi, mbali na familia yake. Anasema msomi yule hana ubaya naye, tena katika makala ile alikuwa anamtetea. Ila katika utetezi huo mmoja alipata shahada na mwingine akapata uhamisho.

Tulimuomba ridhaa kabla ya kuandika haya, na yapo mambo mawili matatu tuliyoyaacha makusudi ili asitambulike. Tumeamua kuitumia barua yake kama mlango wa kuingilia katika jambo ambalo kwa kawaida huachiwa maprofesa peke yao, yaani maadili ya utafiti na uchapishaji katika eneo hili la sheria za mtandao. Tunaamini si jambo la maprofesa peke yao. Ni la kila anayeandika neno mtandaoni, maana siku hizi kila neno ni malighafi ya utafiti wa mtu fulani.

Hoja yetu ni moja. Serikali zetu zinadhani kibali ni maadili. Vyuo vikuu vinadhani fomu iliyopigwa mhuri na kamati ni maadili. Na katikati ya mihuri hiyo miwili yuko mtu aliyesema neno, ambaye hakuna aliyemuuliza chochote.

Tuanze na serikali.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ilipitishwa na Bunge Aprili 2015 na ikaanza kutumika Septemba 1 mwaka huohuo, zikiwa zimebaki siku zisizofika sitini kabla ya uchaguzi mkuu. Kifungu chake cha 16 kilifanya kuwa ni kosa kuchapisha kupitia kompyuta taarifa za uongo au za kupotosha, na adhabu yake ikawekwa kuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Watetezi wa sheria walisema kwamba lazima mwandishi awe na nia ya kupotosha umma, hivyo mtu mwema hana cha kuogopa. Ni kweli kifungu kilitaja nia. Lakini ndugu msomaji, nia huamuliwa mahakamani mwisho wa kesi. Kompyuta huchukuliwa siku ya kwanza.

Ndivyo ilivyotokea. Oktoba 29, 2015, siku nne tu baada ya kura kupigwa, polisi waliingia katika kituo cha Dar es Salaam ambako waangalizi wa ndani wa uchaguzi, chini ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na washirika wake, walikuwa wakikusanya taarifa kutoka majimboni. Zaidi ya watu 30 walikamatwa, kompyuta na simu zikachukuliwa, na sheria iliyotajwa ilikuwa hii hii ya mtandao. Mjadala mkubwa wakati ule ulikuwa juu ya haki ya waangalizi kukusanya takwimu za uchaguzi, nao ulikuwa mjadala wa halali kabisa. Lakini sisi tulijiuliza pia swali jingine ambalo hatukulisikia likiulizwa: ndani ya simu zile mlikuwa na majina ya nani? Mtu aliyetuma taarifa kutoka kijijini, akiamini anazungumza na watu wa haki za binadamu, sasa namba yake iko mikononi mwa nani?

Tukaja mwaka 2018. Mwanzoni mwa Julai, taasisi ya Twaweza ilitoa matokeo ya utafiti wake wa maoni wa Sauti za Wananchi. Matokeo yalionyesha kuwa wananchi waliosema wanaridhika na utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 96 mwaka 2016 na asilimia 71 mwaka 2017. Siku chache baadaye Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliiandikia Twaweza barua kuitaka ijieleze kwa nini isichukuliwe hatua kwa kufanya utafiti bila kibali. Wiki hazikupita nyingi, pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa na watu wa uhamiaji kwa maelezo kwamba uraia wake unachunguzwa. Kumbuka kuwa taasisi hiyohiyo ilikuwa ikitoa matokeo ya aina hiyo tangu zamani, na yale ya asilimia 96 hatukusikia yakiombewa kibali hadharani.

Septemba mwaka huohuo Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa ni kosa la jinai kusambaza takwimu zenye lengo la kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi. Benki ya Dunia ilitoa tamko la wasiwasi mkubwa, na Juni 2019 Bunge likarudi nyuma na kuondoa makali hayo. Tunalisifu kwa kurudi nyuma. Ila funzo limebaki.

Funzo lenyewe ni kwamba katika sakata lote hilo swali lilikuwa moja tu: kibali kiko wapi? Hatukusikia ofisa yeyote akisimama kuuliza swali ambalo hasa ndilo la maadili: wale waliopigiwa simu wakajibu kwamba hawaridhiki na rais wao, majina yao yanalindwa vipi? Kama kibali kingekuwa kimewekwa ili kumlinda mwananchi, hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza. Lilipokosekana, tulijua kibali kile kinamlinda nani.

Hatusemi vibali vifutwe. Afrika imechezewa vya kutosha na watafiti wa kigeni waliokuja, wakachukua, wakaondoka. Nchi ina haki ya kujua nani anauliza nini kwa watu wake. Tunachosema ni kwamba kibali ni ruhusa ya kuingia mlangoni. Namna utakavyokaa na wenyeji humo ndani ni jambo jingine, na hilo ndilo linaloitwa maadili.

Sasa tugeuke upande wa pili, tusije tukaonekana tunaona kibanzi kwenye jicho la serikali tu. Tuwatazame wasomi, hasa hawa wa huku ughaibuni tunakoishi.

Juni 2014 jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, PNAS, lilichapisha utafiti uliofanywa na mtafiti wa Facebook pamoja na wanataaluma. Kwa wiki moja ya Januari 2012, watumiaji 689,003 walibadilishiwa habari walizokuwa wakiziona. Wengine walipunguziwa maneno ya furaha, wengine walipunguziwa maneno ya huzuni, ili ionekane kama hisia zinaambukiza. Hakuna aliyeambiwa. Walipoulizwa ridhaa iko wapi, jibu lilikuwa kwamba kila mtumiaji alikubali masharti ya Facebook siku alipojiandikisha. Kwa maneno mengine, ule mkeka mrefu wa maandishi ambao hakuna anayeusoma, ukibonyeza neno la kukubali, umeridhia hata kuchezewa moyo wako. Mwezi uliofuata jarida lenyewe lilitoa taarifa ya mhariri ya kueleza wasiwasi. Makala haikuondolewa.

Mei 2016 kikatokea kingine. Wanafunzi wa Denmark walikusanya taarifa za watu karibu 70,000 kutoka tovuti ya wachumba ya OkCupid, zikiwemo za mambo ya faraghani kabisa, wakaziweka wazi mtandaoni kila mtu azichukue. Utetezi wao ulikuwa mfupi: taarifa hizo tayari zilikuwa hadharani. Taarifa ziliondolewa, ndiyo, lakini tazama zilivyoondolewa. Zilitolewa baada ya OkCupid kulalamika kwa kutumia sheria ya hakimiliki. Sheria iliyofanya kazi ni ile inayolinda mali ya kampuni. Wale watu 70,000 walipona kwa bahati, kama mbuzi aliyeokolewa kwa sababu kamba aliyofungwa ilikuwa ya jirani.

Na hapo ndipo tunapomkuta msomi wa ndugu yetu aliyetuandikia. Naye bila shaka alisema hivyohivyo: yalikuwa hadharani. Kuna ukweli ndani yake, na tusiupuuze. Waziri akisema neno, mkuu wa polisi akitoa tamko, mbunge akiandika kwenye ukurasa wake, hayo ni maneno ya hadharani na yanukuliwe na jina lake juu. Kumficha mkubwa kwa kisingizio cha maadili ni uoga. Lakini karani wa ofisi ndogo aliyeandika usiku kwa jina la bandia hakusimama jukwaani. Alinong'ona katika chumba chenye madirisha wazi. Aliyepita nje akasikia hana kosa la kusikia. Kosa linaanza anapochukua kipaza sauti na kurudia.

Tena kuna jambo la kiufundi ambalo wasomi wengi, hata hawa waliobobea katika sheria za mtandao, hulisahau. Kuficha jina hakutoshi. Maneno yenyewe ni jina. Ukiyaweka neno kwa neno, mtu yeyote anayanakili, anayatafuta katika Google, na kama bado yapo mahali fulani yanamrudisha kwa mwenyewe. Hata kama yamefutwa, wapo waliowahi kuyasoma na kuyahifadhi. Na kwa lugha yetu hatari ni kubwa zaidi. Maandishi ya Kiingereza mtandaoni ni bahari, sentensi moja hupotea. Ya Kiswahili ni machache, na lafudhi ya mtu wa Pemba, wa Mombasa au wa Bukavu hujionyesha hata kwenye maandishi. Chama cha Watafiti wa Intaneti, AoIR, kimekuwa kikitoa miongozo ya maadili tangu 2002, ikafuatiwa na ya 2012 na ya 2019, na ujumbe wake mkubwa ni kwamba usiulize tu kama jambo liko hadharani, uliza mwenyewe alitarajia lisomwe na nani na litamdhuru vipi. Miongozo ipo. Inayokosekana ni desturi ya kuifuata.

Mtu atasema: basi mtafiti aahidi siri, yaishe. Hapana, haiishi hivyo. Ahadi nayo ina maadili yake.

Kati ya 2001 na 2006, Chuo cha Boston nchini Marekani kiliendesha mradi wa kurekodi simulizi za waliokuwa wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini. Wahojiwa waliahidiwa kuwa sauti zao hazitatolewa mpaka wafe. Mkataba kati ya chuo na msimamizi wa mradi, mwandishi wa habari Ed Moloney, ulikuwa na maneno kwamba siri italindwa kwa kadiri sheria za Marekani zinavyoruhusu. Karatasi waliyotia saini wahojiwa haikuwa na maneno hayo. Mwaka 2010 kikatoka kitabu kilichotumia simulizi za wawili waliokwisha kufariki. Mwaka 2011 polisi wa Ireland ya Kaskazini, wakipitia mkataba wa kusaidiana kisheria kati ya Uingereza na Marekani, wakazidai kanda. Mahakama za Marekani zilikataa hoja kwamba ahadi ya mtafiti ni kinga. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ilipunguza zinazopaswa kutolewa kutoka mahojiano 85 hadi 11, lakini hayo 11 yalikwenda. Aprili 2014 kiongozi wa Sinn Féin, Gerry Adams, akakamatwa na kuhojiwa kwa siku nne, kisha akaachiwa bila kushtakiwa.

Tunawaomba ndugu zetu wanaosoma huku Uingereza, Marekani, Oman na kwingineko walitafakari hilo. Wengi wetu tunaamini kwamba data ikishavuka bahari iko salama. Tunakusanya mahojiano Zanzibar au Bujumbura, tunayaweka kwenye kompyuta ya chuo cha ng'ambo, tunalala usingizi. Kanda za Boston zilikuwa ng'ambo. Serikali zina mikataba, na chuo kikuu kikipelekewa amri ya mahakama hakitakwenda jela kwa ajili ya mhojiwa wako wa Kigoma. Siri iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo hukuiandika.

Je, sheria mpya zinasaidia? Zinasaidia kidogo. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika juu ya usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi ulipitishwa Juni 2014, ukaanza kuwa na nguvu Juni 2023, miaka tisa baadaye, ulipofikisha nchi 15 zilizouridhia. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Kifungu chake cha 53 kinawapa watafiti nafuu fulani, kwa sharti kwamba matokeo yasitolewe kwa namna inayomtambulisha mhusika. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Hizi ni hatua na tunazipokea. Lakini nchi moja ikiwa na sheria inayosema mlinde mwenye taarifa, na nyingine inayompa polisi kompyuta siku ya kwanza, mtafiti atakuwa amesimama kwenye mitumbwi miwili. Ikitengana, anayezama kwanza ni aliyemwamini.

Kwa hiyo tunapendekeza nini? Kwa mtazamo wetu mambo ni manne.

La kwanza, maneno ya mtu wa kawaida yasinukuliwe neno kwa neno bila ridhaa yake. Yaelezwe kwa maneno ya mtafiti, tarehe na mahali vilegezwe. Atakayesema kwamba hilo linaua uthibitisho, tunamjibu kuwa hoja yake ni nzito, kwa sababu aliyejificha anaweza pia kubuniwa. Basi ushahidi uonyeshwe kwa kamati au kwa mpitiaji mmoja anayeaminika, aandike kwamba ameuona, kisha ufungwe au uharibiwe. Msomaji wa makala hahitaji jina la karani. Anahitaji kujua kuwa karani yupo.

La pili, fomu ya ridhaa iseme ukweli wote. Iseme wazi kuwa mahakama ikiamuru tunaweza kulazimishwa kutoa. Mhojiwa akisikia hivyo akanyamaza, huo ni uamuzi wake wa busara na utafiti hauna haki ya kumnyang'anya.

La tatu, wahariri wa majarida waache kuuliza namba ya kibali peke yake. Waulize swali moja la nyongeza: ni nani anaweza kuumia makala hii ikitoka, na umefanya nini juu yake? Jibu la aya moja linatosha kumtambua aliyefikiri na asiyefikiri.

La nne, makala irudi nyumbani. Ndugu yetu aliyetuandikia ametuambia jambo lililotuuma kuliko hata uhamisho wake. Ile makala yenyewe hajawahi kuisoma. Iko kwa Kiingereza kigumu, na kuifungua kunalipiwa kwa dola. Wakubwa wake waliipata, yeye aliyeisababisha hana. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, bure, si hisani. Ni deni.

Nasi tusijitoe. Waandishi tulioko uhamishoni tunaishi kwa maneno ya watu waliobaki. Tumenukuu ujumbe wa simu, tumenukuu barua za wasomaji, na zipo siku tulijali zaidi habari ipendeze kuliko yule aliyetuma atalala wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi vitanda vyetu viko mbali na polisi wa kule. Tangu tulipoisoma barua hii tumepitia upya makala zetu za zamani, na mbili kati yake tumezipunguza nukuu. Hatujui kama tumechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ndoo inaweza kusimamishwa isiendelee kumwaga.

Kwa msomi yule, kama anasoma hapa, na tunadhani anasoma kwa sababu ni mtu wetu: hatumtaji na hatutamtaja. Tunamuomba jambo moja dogo. Amwandikie mhariri wa jarida lake, aombe nukuu ile ibadilishwe kwenye nakala ya mtandaoni. Majarida husahihisha makosa ya takwimu kila siku. Kumweka mtu hatarini ni kosa pia, na lina haki ya kusahihishwa.